Programu Inayokunjika

Paa, paa. Makofi mawili ubavuni, na redio ndogo ya Mama Kanyere ikakohoa, ikaamka. Nje kulikuwa bado giza. Ukungu wa Butembo ulikuwa umelala juu ya mabati, na majogoo walikuwa hawajakubaliana nani aanze. Redio ile ilikuwa na tabia yake: haikusema mpaka ipigwe mara mbili upande wa kushoto. Ukiipiga upande wa kulia, ilinuna siku nzima. Mama Kanyere alikuwa ameijua hivyo kwa miaka sita, na hakuwahi kuidhania kuwa mbovu.

"Communiqué officiel," redio ikasema kwa sauti ya mtu aliyefunga tai. "Kamati ya Programu Inayokunjika inatangaza kwa furaha kwamba, kuanzia leo saa sita kamili ya mchana, watoto wote wa Beni na Butembo wenye mahitaji ya pekee katika masomo watakuwa wametosheka. Mtoto ambaye saa hiyo itamkuta hajatosheka, mwalimu wake atatoa maelezo kwa maandishi. Imetiwa sahihi Beni, na Gamaliel Maliro, Président."

Mama Kanyere alijifunga kitenge vizuri, kama mtu aliyetajwa. Hakutajwa, lakini alikuwa mjumbe wa kumi na mbili wa Kamati hiyo, Mwakilishi wa Wazazi na Mengineyo. Jana tu alikuwa Beni kwenye kura. Programu yenyewe, kitabu kizima, ilikuwa pale juu ya meza, imefungwa kwa kitambaa kama mkate.

Mjukuu wake Shalom alikuwa tayari amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, akila kiazi kitamu. Shalom alikuwa na miaka tisa na hakuwa mtu wa kukaa. Akikaa, herufi zilimkimbia. Akisimama mlangoni, zilitulia zikamngoja. Shule mbili zilikuwa zimejaribu kumkalisha, na zote mbili zilishindwa kwa heshima. Ya tatu haikujaribu.

Hiyo ya tatu ilikuwa chumba kimoja cha mbao juu ya kilima, nyuma ya shule ya msingi. Mbao wazazi walizitoa Kasugho, mabati yalipitia mpakani Kasindi, na mwalimu, Madame Léa, alitoka Masereka na koti moja la baridi alilomvalisha mtoto yeyote aliyetetemeka. Watoto walioandikishwa walikuwa tisa. Bénite, ambaye hasikii, alikaa mbele ili aone midomo na mikono, na kazi yake ilikuwa kuandika pembeni mwa ubao hesabu ya wanafunzi waliomo. Mtu akiingia, aliongeza. Mtu akitoka, alipunguza. Mathe, ambaye maneno yake hutoka polepole, aliachwa amalize sentensi hata kama mvua ingeanza na kuisha katikati. Darasa lilikuwa na somo lililoitwa kumngoja Mathe. Lilikuwa kwenye ratiba, kati ya hesabu na kuimba.

Namna Mama Kanyere alivyoingia Kamatini ni jambo la kisheria. Sheria ilitaka wajumbe kumi na wawili, mmoja wao awe mzazi. Kumi na mmoja walipatikana katika alasiri moja, kwa sababu wote walikuwa tayari ndani ya jengo. Wa kumi na mbili alisumbua. Siku hiyo Mama Kanyere alikuwa amepanda gari kwenda Beni kupeleka barua ya Madame Léa ya kuomba chaki, akaambiwa angoje kwenye korido. Alingoja tangu asubuhi mpaka saa tisa, mikono juu ya mapaja, bila kulalamika. Saa tisa Président akatoka, akamtazama, akaona kwamba mtu aliyekaa kwenye korido muda mrefu namna ile lazima ana cheo humo ndani. Akamteua. Barua ya chaki iliwekwa kwenye faili yake kama barua ya kuomba kazi.

Mama Kanyere hakuona ubaya. Watu wa Kamati walikuwa wazuri. Président Maliro, mtu mkubwa mwenye mgongo uliomsumbua na ambaye hakuuzungumzia, alihakikisha kila mkutano kwamba Mama Kanyere anapata sucré, soda baridi, kabla ya washauri. Katibu, Éphraïm Lusenge, alikunja koti lake mwenyewe akaliweka juu ya kiti cha Mama Kanyere, kwa sababu kiti kilikuwa na msumari. Kwa miezi minne Éphraïm aliandika mikutano yote bila koti. Mambo ya namna hiyo Mama Kanyere aliyaweka moyoni. Mengine yaliyosemwa mle yalimpita juu ya kichwa, kama ndege za watu wa misaada.

Mikutano saba ya kwanza ilikuwa ya kukubaliana maana ya kukunjika. Mshauri wa sheria alisema kitu kinachokunjika bila sheria ni kitu kilichovunjika. Hoja hiyo iliwatuliza wote. Basi ikaamuliwa kwamba programu itakunjika pande tatu, kushoto, kulia na kurudi, siku ya Jumanne na siku ya Ijumaa, kati ya saa nne na robo na saa nne na nusu. Mtoto asiyesikia atarudiwa somo mara mbili kwa sauti ile ile. Mtoto asiyeona vizuri atapewa ruhusa ya kuangalia zaidi. Fungu la kumi na mbili lilisema kwamba mtoto mwenye uhitaji ataujulisha siku ishirini na moja kabla haujampata. Fungu la kumi na tatu likaongeza kwamba muda huo wa kungoja hauwahusu wajumbe wa Kamati. Halikuwa na sababu maalum. Ni fungu ambalo hutiwa katika kila kitabu, kama chumvi.

Katika mkutano wa nane Président alikumbuka sheria, akamgeukia mwakilishi wa wazazi.

"Na mama ya bazazi, uko na neno?"

"Niko na swali tu, baba," Mama Kanyere alisema. "Mutoto mwenye hawezi kukaa, ye atafanya namna gani?"

Mshauri wa sheria aliuliza kama huyo ni mtoto mmoja au ni kundi la watoto. Mama Kanyere alijibu kwamba ni mmoja, anaitwa Shalom, ni mjukuu wake.

"Bon," Président alisema, na kweli uso wake ulikuwa mpole. "Éphraïm, andika. Uyu mama anasema kitu ya maana."

Ikachukua mikutano miwili, na likazaliwa fungu la thelathini na moja. Mwanafunzi ataruhusiwa kusimama ndani ya mraba wa chaki nyeupe, sentimita arobaini kwa arobaini, baada ya kuandikishwa kwa fishi, yaani kikaratasi chenye muhuri, kama mwenye uhitaji. Siku ya ukaguzi, mtu yeyote aliyemo darasani akibadili mkao wake bila fishi, ukaguzi unafutika, na Kamati itarudi siku nyingine kuanza upya. Mama Kanyere alisafiri kurudi Butembo akijua kwamba mjukuu wake ameingia kitabuni.

Siku ya kura, yaani jana, Président alifanya kitu cha utu. Aliagiza chakula kutoka nyumbani kwake. Mke wake alituma fufu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani Kyavinyonge, na alituma neno kwamba kipande cha tumboni apewe yule mama aliyetoka mbali. Mama Kanyere alipewa. Walipomaliza kunawa mikono, Président akauliza nani anakubali Programu yote, na mikono kumi na mmoja ikapanda. Mama Kanyere aliangalia sahani yake. Kwao, mtu hali kipande cha tumboni cha samaki wa mtu halafu akaacha mkono wake chini mbele ya watu. Akainua. Ilikuwa kura ya kauli moja.

Asubuhi hiyo ya redio, yeye na Shalom walipanda kilima na kitabu. Kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne, na jalada gumu la skrubu, ili kisikunjike. Madame Léa alikisoma akiwa amesimama. Alipofika karibu na mwisho, alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Mama, mulisoma fungu ya makumi ine?"

"Nilinyoosha mukono tu."

"Mulinyoosha juu ya nini?"

"Juu ya samaki," Mama Kanyere alisema. Hakuwa mtu wa kudanganya.

Fungu la arobaini lilikuwa fupi. Darasa ambalo siku ya ukaguzi, saa sita kamili, litakuwa na walioandikishwa pungufu ya ishirini, litafungwa. Chumba chake kitakuwa bureau, yaani ofisi, ya Kamati, tawi la Butembo, ili Kamati iwe karibu na watoto. Watoto watarudi nyumbani, wakafurahie ukaribu huo. Ukaguzi wa Butembo ni baada ya siku ishirini.

Mama Kanyere akakaa juu ya benchi la watoto. Aliwatazama wale tisa, akawahesabu kana kwamba wangeongezeka. Alikuwa ameikubali mwenyewe. Mkono wake mwenyewe, uliosuka nywele za Shalom alfajiri ile. Shule ya nne haipo katika Butembo nzima, alikuwa ameshaitafuta.

Madame Léa hakumgombeza. Alivua koti akamfunika nalo, kwa sababu alikuwa anatetemeka.

"Samaki ilikuwa ya muzuri?" aliuliza.

"Ya muzuri sana."

Wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Watoto wengine kumi na mmoja wangepatikana kabla ya jua kuzama. Katika mtaa ule tu walikuwepo, wamekaa nyuma ya nyumba wakichambua maharagi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuwapeleka. Lakini uhitaji hujulishwa siku ishirini na moja kabla, na siku zilizobaki zilikuwa ishirini. Madame Léa aliujulisha uhitaji wao siku ile ile, kisha akaandika barua Beni kuuliza kama siku moja inaweza kukunjwa. Jibu lilikuja upesi, kwa mwandiko mzuri wa Éphraïm. Kamati ilishukuru kwa swali, na ilisema kwamba siku hazimo katika vitu vinavyokunjika.

Basi Mama Kanyere akafanya kitu alichokijua. Alizunguka kwa wazazi kuwaomba viazi, maharagi na majani ya chai, ili wageni wapokewe. Kambere, baba yake Mathe, ambaye husukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, aliweka chini mzigo wake ili ashangae vizuri.

"Banakuya kutufungia mulango, na tubapikie?"

"Mugeni ni mugeni," Mama Kanyere alisema. "Umupe kiti kwanza. Ingine tutaiona."

Kambere alinung'unika mpaka mwisho wa barabara. Kesho yake alileta gunia nusu la viazi vya Masereka.

Siku ya ukaguzi ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kamati iliondoka Beni alfajiri na gari moja, na juu ya gari kibao cha mbao chenye urefu wa mita mbili, kimeandikwa kwa rangi ya bluu: KAMATI YA PROGRAMU INAYOKUNJIKA, TAWI LA BUTEMBO. Kilikuwa kimechorwa mapema ili kisichelewe. Njiani gari lilizama mara tatu, na mara zote tatu wajumbe walishuka kulisukuma. Walifika kwenye kilima saa mbili na nusu, wana matope mpaka magotini, na wakati wa kusukuma mshauri wa sheria alikuwa amepoteza miwani yake mahali fulani kwenye shimo la pili.

Mama Kanyere aliwaletea maji ya moto wanawe miguu. Aliwapokea mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akampa Éphraïm kitambaa cha kujifutia. Halafu, kwa sababu naye ni mjumbe, akaingia kukaa nao.

Chumba kilikuwa na mabenchi ya watoto tu. Wajumbe walikaa, magoti yao yakafika karibu na videvu. Éphraïm alipanga mbele yake fishi, muhuri na wino, akasoma fungu la thelathini na moja kwa sauti, ili kila mtu ajue kwamba ukaguzi umeanza na kwamba mkao ni mkao. Pembeni mwa ubao Bénite alikuwa ameandika 9.

Président alitoa hotuba akiwa amekaa, kwa kuheshimu mkao. Alisema watoto ndio sababu ya kila kitu. Alilisema jambo hilo kwa dakika arobaini, na watoto walimngoja. Walikuwa na mazoezi. Alipomaliza, kitu fulani kikalia mgongoni mwake, na waliokuwa karibu walikisikia.

Kisha Madame Léa akamwita Mathe kusoma. Mathe alisimama na kitabu chake.

"Ma... ma... a... na..."

Hakuna mtoto aliyekohoa. Bénite aliangalia midomo yake. Shalom, mlangoni ndani ya mraba wake wa chaki, aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maji yakichemka. Dakika zikapita. Mama Kanyere hakuwa anamtazama Mathe, alikuwa anatazama paji la uso la Président, ambapo jasho lilikuwa linatoka ingawa kulikuwa na baridi. Président alikuwa amelishika benchi kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya pikipiki mbovu.

Mama Kanyere akamwinamia Éphraïm.

"Papa Éphraïm, uyu baba anaumia. Umuandikie fishi, asimame."

"Haiko neno, mama," Président alisema kati ya meno. "Mi niko muzuri."

"Baba, mugeni hapana kuteseka mu nyumba yetu."

Éphraïm alieleza kwa kunong'ona, na kwa masikitiko, hali ya kisheria. Président akisimama bila fishi, ukaguzi unafutika na Kamati inarudi Beni, halafu inakuja tena kwa barabara ile ile. Vichwa kumi na kimoja viligeuka dirishani, vikaitazama barabara. Kuhusu siku ishirini na moja, aliongeza Éphraïm akipekua kitabu, haziwahusu wajumbe. Fungu la kumi na tatu.

"Andika," Président alisema.

Éphraïm akaandika: Maliro Gamaliel, uhitaji: mgongo. Akapiga muhuri. Madame Léa alichora mraba wa pili mlangoni kwa kipande chake cha mwisho cha chaki nyeupe. Shalom akajisogeza, akampa mgeni nusu ya mlango.

"Weka muguu moya inje," alimwambia. "Ukikaa wote ndani, inauma."

Président wa Kamati akaweka mguu mmoja nje. Mgongo wake ukanyooka, uso wake ukanyooka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akasikia kinachosomwa. "...uza ma... ha... ra... gi," Mathe alisema, akakaa chini, na Président akajikuta anapiga makofi. Bénite alikwenda ubaoni, akafuta 9, akaandika 10.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu mzuri. Mshauri wa sheria hakuona ubao, na Mama Kanyere alimhurumia. Fishi, muhuri, na mtoto mmoja akakaa karibu naye kumsomea. Msemaji wa Kamati hakuweza kunyamaza zaidi ya dakika mbili, kitu kilichokuwa kinamtesa tangu utotoni, na Madame Léa akamwonyesha kona ambapo mtu anaweza kuongea na ukuta kwa sauti ndogo. Mjumbe wa mipango alisinzia kila akikalishwa. Dada mmoja wa takwimu alihitaji kushika kitu mkononi ili afikiri, akapewa maharagi. Kila mmoja alikataa kwanza. Kila mmoja aliulizwa na Mama Kanyere mara ya pili, kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni kuhusu chai. Hakuna aliyekataa mara ya tatu.

Mzee kuliko wote, mtaalamu wa tathmini, alimwinamia Mama Kanyere sikioni. Alimnong'oneza kwamba sikio lake la kushoto lilikufa miaka minane iliyopita, na la kulia linafuata. Hakuna ajuaye pale kazini. Mikutano yote hakusikia kitu. "Naangalia mikono ya benzangu," alisema. "Bakiinua, nainua."

"Na mimi njo vile," Mama Kanyere alimwambia, akamwombea fishi, akamwelekeza mbele akae karibu na Bénite. Kabla ya dakika kumi Bénite alikuwa amemfundisha mkono wa "maji", mkono wa "kesho" na mkono wa "sitaki". Huo wa mwisho mzee aliurudia mara nyingi, kama mtu aliyepata chombo alichokitafuta muda mrefu.

Bénite alikuwa na kazi nyingi asubuhi ile. Alifuta, akaandika. 13. 16. 18. Wajumbe hawakutazama pembe ile ya ubao, kila mmoja alikuwa na shughuli yake. Watoto walikuwa wanatazama. Madame Léa alikuwa ameacha kufundisha, amesimama na mikono nyuma, midomo yake inatembea bila sauti.

Saa sita kasoro dakika tano, ubao ulisema 19. Waliobaki kwenye mabenchi kwa mkao wa kawaida walikuwa wawili, Éphraïm na Mama Kanyere. Nje, mlinzi wa shule alikuwa ameshachukua chuma chake, anatembea kuelekea ile jante, ringi ya gurudumu la lori, ambayo ndiyo kengele.

Mama Kanyere aliangalia mkono wa Éphraïm. Vidole viwili vilikuwa vimevimba, vina wino mpaka kwenye kucha.

"Na weye, baba," aliuliza. "Weye, nani anakuandikiaka?"

Éphraïm aliweka kalamu chini. Miaka kumi na tisa ya kazi, na swali hilo halikuwa kwenye fishi yoyote. Alimtazama mama huyo, akatazama vidole vyake, akaona kwamba jibu ni hakuna. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, ambaye hakuweza kuona uhitaji ukapita bila kuandikwa, alivuta fishi safi, akaandika jina lake kwa herufi nzuri, uhitaji: mkono. Akapiga muhuri.

Bénite akaandika 20. Jante ikalia.

Président aligeuka kutoka mlangoni akiwa na furaha, akasoma ubao, akauliza ishirini hao ni akina nani. Éphraïm akasoma orodha yote, watoto tisa kwanza, halafu Maliro Gamaliel, mgongo, na wengine kwa mpangilio wa kufika. Kimya kikaingia, isipokuwa kwenye kona ya msemaji. Mshauri wa sheria aliomba asomewe fungu la arobaini. Akasomewa na Mathe. Kila mtu alingoja, na lilipomalizika lilikuwa bado linasema vile vile: ishirini, na darasa haliwezi kufungwa.

"Tufute izo fishi," Président alisema.

Fishi hufutwa, Éphraïm alieleza, kwa sahihi ya Président, lakini fungu la nne linasema mwenye uhitaji hawezi kujitilia sahihi. Anatiliwa na mlezi. Na mlezi katika ukaguzi ni mjumbe wa Kamati ambaye hakuandikishwa. Vichwa vikageuka tena, safari hii si dirishani.

"Mama," Président alisema, na katika sauti yake kulikuwa na tumaini kidogo, kwa sababu naye akiandikishwa, hakuna atakayebaki wa kutia sahihi kwamba darasa linakubalika. "Weye hauna uhitaji yoyote? Ata kidogo?"

Magoti ya Mama Kanyere yalikuwa yanamuuma tangu mvua zianze, na jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Hapana, baba," alisema. "Mimi niko tu muzuri."

Hakutaka kufuta fishi za watu. Watu walikuwa wamezipata kwa taabu, na zilikuwa zinawasaidia. Aliomba ile karatasi nyingine, ya kusema kwamba darasa linakubalika, akaandika jina lake chini, herufi baada ya herufi, kwa wakati wake. Chini ya jina, Éphraïm alimwonyesha mahali pa cheo. Akaandika: Mlezi wa wajumbe kumi na mmoja.

Hivyo ndivyo programu ilivyofaulu. Communiqué ya wiki iliyofuata ilisema Butembo imepita malengo yote, na kwamba wanafunzi kumi na mmoja wapya, wengi wao wa umri mkubwa kidogo, watahudhuria Jumanne na Ijumaa kama kitabu kinavyotaka. Wale kumi na mmoja waliokuwa wanachambua maharagi nyuma ya nyumba walianza wiki hiyo hiyo, kwa sababu siku zao ishirini na moja zilikuwa zimetimia.

Lakini mchana ule wa ukaguzi kwanza walikula, viazi na maharagi, watu wazima na watoto kwa sahani zile zile. Kibao kilibaki juu ya gari, kimelala kifudifudi. Kambere alimsaidia mshauri wa sheria kupanda, akamshikia kichwa kisigonge mlango.

Président Maliro alikuwa wa mwisho. Alisimama kando ya gari, mguu mmoja ndani, akakohoa kwa sauti ya kazi. Kulingana na fungu la kumi na saba, alisema, mlezi atamtembelea mwanafunzi wake nyumbani kila inapofaa. Mama Kanyere alisema hajafika huko kwenye kusoma. Président alitazama wenzake ndani ya gari, akaona wanashughulika kupata pa kuweka miguu, na sauti ya kazi ikamtoka.

"Mama, kule bureau batu bote banasimama nikiingia," alisema polepole. "Mais hakuna mwenye aliniuliza juu ya mugongo. Ata moya."

"Pole, baba."

"Utakuya tena Beni?"

"Kama kuna mukutano, nitakuya."

"Hapana ya mukutano," alisema Président. "Kuya kututembelea tu. Kuya na ule mutoto ya mulango. Uniambie siku, mama, nitakuwa nyumbani."